Afya ya Akili ya Mama Baada ya Kujifungua: Masasi na Newala Katika Miaka ya UVIKO-19

Siku ya kliniki, Unguja na Pemba kama ilivyo Tanzania Bara, mtoto mchanga hupimwa uzito, hutiwa alama katika kadi yake na kuchomwa sindano ambayo wakati wake umefika. Mama aliyembeba huulizwa kama mtoto ananyonya vizuri, kama anaharisha, kama ana homa. Akishajibu hujifunga kanga yake na kumpisha mwenziwe. Aghlabu haulizwi habari zake mwenyewe: kama anapata usingizi mtoto anapolala, kama chakula kinapita, kama moyo wake umetulia au umejaa giza. Kwa sababu hiyo yapo maradhi ambayo hupita mbele ya macho ya wauguzi mara nne au tano katika mwaka mmoja, yakiwa yamebebwa na mtu mzima anayetembea kwa miguu yake, na yasiandikwe popote.

Maradhi hayo ni yale ya akili yanayompata mwanamke baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila wanawake 100 waliojifungua, 13 hivi hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona. Na katika nchi zinazoendelea hesabu hiyo hukaribia 20. Kwa hiyo katika benchi la kliniki lililokaliwa na wazazi kumi inafaa kutarajia kwamba mmoja au wawili miongoni mwao wanaumwa, ijapokuwa hawakohoi wala hawachechemei.

Makala haya yanalitazama jambo hilo kwa mfano wa Masasi na Newala katika Mkoa wa Mtwara, na hasa katika miaka ya UVIKO-19. Visiwa hivi na sehemu zile si wageni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja pamoja na kundi la watu waliokuwa wamekombolewa kutoka utumwani, wakaenda hadi Masasi na kuanzisha makao huko. Na hadi leo wenyeji wenye asili ya kusini, Wamakonde, Wayao na Wamakua, ni wakazi wa mashamba na mitaa ya Unguja. Lakini sababu kubwa ya kuzitaja wilaya hizo ni kwamba mazingira yake yanaonyesha waziwazi jambo ambalo kwingineko hujificha, nalo ni kwamba utulivu wa akili ya mzazi unategemea sana mikono ya watu wengine, na maradhi ya kuambukiza yakija, mikono hiyo ndiyo ya kwanza kuondolewa.

HALI TATU ZISIZOFANANA

Inafaa kwanza ieleweke kwamba si kila chozi la mzazi ni ugonjwa. Kondo la nyuma likishatoka, homoni za ujauzito hushuka kwa ghafula katika mwili wa mwanamke, na kati ya siku ya tatu na ya tano wazazi wengi, zaidi ya nusu, hulia bila ya sababu ya kueleweka, huwa wepesi wa kukasirika na mara hiyo hiyo wakacheka. Hali hii ni ya kawaida. Haihitaji dawa, na ndani ya wiki mbili huwa imekwisha yenyewe, ilimradi mzazi apumzike na asikemewe.

Hali ya pili ndiyo sonona. Hii haiondoki katika wiki mbili. Yaweza kuanza tangu wakati wa ujauzito, au wiki chache baada ya kujifungua, au hata mtoto akiwa na miezi sita. Mama hukosa furaha katika mambo aliyokuwa akiyapenda, usingizi humkimbia hata mtoto akiwa amelala, chakula hakina ladha, mwili ni mzito kama aliyebeba gunia. Wengine hawasemi neno huzuni kabisa. Husema wana mawazo, au kichwa kinawaka moto, au mgongo unauma, au moyo unakwenda mbio. Mwanamke wa namna hii huandikiwa dawa ya maumivu, akarudi baada ya wiki na shitaka lile lile, akaandikiwa tena. Wapo wanaoendelea kupika, kufua na kunyonyesha kama kawaida, na ndani yao wakaamini kwamba wao ni mama wabaya, au kwamba mtoto angekuwa salama zaidi kama wao wasingekuwapo. Wazo hili la mwisho ni la hatari, na litarudiwa hapa chini.

Hali ya tatu ni wazimu wa uzazi. Huu ni nadra, mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000, lakini huja kwa kasi, mara nyingi katika wiki mbili za mwanzo. Mama hakai wala halali, huzungumza maneno yasiyoungana, husikia sauti au huona vitu ambavyo wengine hawavioni, na huenda akaamini kwamba mtoto amebadilishwa au ana uovu ndani yake. Hii ni dharura sawa na kutokwa damu. Isitoshe, homa ya uzazi, malaria kali na shinikizo la damu linaloleta kifafa cha mimba vinaweza navyo kumfanya mzazi aweweseke. Na katika mkoa wenye malaria nyingi kama Mtwara hapana budi mgonjwa wa aina hiyo apimwe mwili wake haraka kabla ya watu kukubaliana kwamba ni akili peke yake.

MAJI, UKOO NA SIKU AROBAINI

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Wamakonde, mahali ambapo mtu akisimama huliona bonde la Mto Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake. Ardhi ya juu ni ya kichanga; mvua ikinyesha maji huzama, na chemchemi hutokea chini, miguuni pa mteremko. Kwa vizazi vingi wanawake wa uwandani walishuka bondeni na kupanda tena na maji kichwani. Mradi wa kusukuma maji uliojengwa katika miaka ya 1950 uliupunguza mzigo huo, lakini haukuuondoa, kwani mitambo ikisimama mabomba hukauka, na kaya nyingi bado hutegemea maji ya mvua yaliyovunwa kutoka kwenye mapaa. Masasi iko chini, upande wa magharibi, baina ya milima ya mawe, na taabu zake za maji ni za namna yake.

Nyumba yenye mtoto mchanga inakula maji. Yapo ya kufua nepi, ya kumwogesha mtoto, ya kumkanda mzazi, ya uji. Anayetaka kujua hali ya akili ya mzazi wa Newala anaweza kuanza kwa kuuliza swali lisilofanana na maswali ya daktari: maji ya nyumba hii yanatekwa na nani? Yakitekwa na mama yake au dada zake, mzazi anapumzika. Yakitekwa na yeye mwenyewe siku ya nne baada ya kujifungua, jibu la maswali mengine limekwisha kupatikana.

Desturi za wenyeji zilikuwa na majibu ya swali hilo. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, mjomba ndiye mwenye kauli, na zamani mume aghlabu alikwenda kukaa karibu na watu wa mkewe. Kwa hiyo mwanamke alijifungua akiwa amezungukwa na mama yake, bibi zake, mama zake wadogo na wale wanawake wazima waliomfunda unyagoni na waliojua tabia yake tangu utotoni. Hao ndio waliojua kama ukimya wake wa leo ni ule wa siku zote au ni mgeni. Kisha zikaja siku arobaini za kukandwa maji ya moto, kunyweshwa uji, kupokewa mtoto usiku na kutoguswa na jembe. Waislamu, ambao ni wengi katika Newala, wanazijua siku hizo kwa hesabu ya nifasi, ambayo wanazuoni wa madhehebu ya Shafii husema kwa kawaida ni siku 40 na ukomo wake ni 60, na ndani yake mwanamke hasali wala hafungi; sala za wakati ule hazilipi, ila saumu ya Ramadhani iliyompita huilipa baadaye. Wakristo wa Masasi nao wamezishika arobaini kwa mila ile ile ya bibi zao.

Hospitali haina dawa iliyo nafuu na salama kuliko saa nne za usingizi usiokatizwa, na dawa hiyo bibi wa uwandani aliitoa bure kwa kumchukua tu mtoto mgongoni.

Hata hivyo si vyema kuipamba mila kupita kiasi. Watu wale wale wanaomzunguka mzazi ndio wanaoweza kumwambia kwamba aliyepasuliwa hakuzaa bali alizalishwa, au kwamba mtoto wa nne wa kike ni balaa, au kwamba kizazi cha siku hizi ni kizembe. Msichana aliyepata mimba akiwa mwanafunzi hukaa ndani siku arobaini kwa aibu na si kwa heshima. Na hadi Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba Tanzania Bara wasichana waliojifungua wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida, alikaa pia akijua kwamba darasa lake limekwisha. Kadhalika yupo mzazi asiye na ukoo karibu: mwalimu au muuguzi aliyepangiwa kazi Newala naye kwao ni Kagera au Mara. Kwake yeye arobaini ni yeye, mtoto na mlango uliofungwa. Tena yupo mke wa mkulima wa korosho ambaye arobaini yake imeangukia Oktoba au Novemba, wakati korosho ziko chini ya mikorosho na zisipookotwa fedha ya mwaka mzima inapotea. Huyu hutoka mapema, na hakuna anayemlaumu mwenziwe.

YALIYOLETWA NA UVIKO-19

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia. Tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza alitangazwa Tanzania Bara, na siku iliyofuata Serikali ikaamuru shule kufungwa. Zilifunguliwa kwa hatua katika mwezi wa Juni. Wananchi hawakufungiwa majumbani kama ilivyokuwa katika nchi nyingine. Mashamba yalilimwa na masoko yaliendelea. Kwa ajili hiyo wapo wanaodhani kwamba mama aliyejifungua Masasi au Newala katika miezi ile hakuguswa na janga isipokuwa ameugua mwenyewe. Dhana hiyo haina msingi.

Wananchi waliagizwa wanawe mikono mara kwa mara kwa sabuni na maji yanayotiririka, wasipeane mikono, wakae mbalimbali, wavae barakoa, wapunguze safari na misongamano. Maagizo haya yalikuwa sahihi na yaliokoa watu. Lakini kila agizo, likifika katika chumba cha mzazi, lilikuwa na upande wa pili. Maji yanayotiririka, uwandani, ni ndoo iliyonunuliwa au iliyobebwa kichwani. Kibuyu chirizi kilichotundikwa mlangoni kilihitaji kujazwa, na aghlabu mwenye kujaza ni mwanamke. Kukaa mbalimbali kulimaanisha kwamba bibi mwenye umri mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa katika hatari zaidi ya kufa kwa UVIKO-19, ndiye huyo huyo aliyetakiwa alale chumba kimoja na mzazi na kumpokea mtoto. Ama aje na kuhatarisha maisha yake, ama asije na mzazi akeshe peke yake. Hakukuwa na njia ya tatu iliyo nyepesi, na familia nyingi zilichagua bila ya mtu wa kuzishauri. Kupunguza safari kulimaanisha kwamba mama mzazi wa yule mwalimu wa Kagera hakupanda basi. Mwezi wa Ramadhani ulioanza mwishoni mwa Aprili 2020, ambao kwa kawaida huleta jamaa na futari za pamoja, ulipita kwa tahadhari.

Juu ya hayo ilikuwapo hofu. Redio na simu za mkononi zilileta habari za vifo kutoka nchi za mbali, kisha uvumi ukajaza mapengo ya habari. Mjamzito aliogopa kwenda kujifungulia hospitali kwa kuogopa maradhi, na aliogopa kubaki nyumbani kwa kuogopa damu. Mzazi mwenye mafua alijiuliza kama maziwa yake ni sumu. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa wazi: mama, hata mwenye UVIKO-19, amnyonyeshe mwanawe na ambebe, ila avae barakoa na anawe mikono, kwa kuwa faida ya kunyonya inazidi sana hatari hiyo. Ushauri huo ulikuwa na faraja kubwa ndani yake, lakini faraja isiyofika kijijini haimfariji mtu. Chanjo ilipozinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, yalienea pia maneno kwamba inaharibu kizazi, na wanawake walio katika umri wa kuzaa ndio walioyabeba zaidi.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwezi Machi 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi uliopita kiasi na sonona viliongezeka duniani kwa kadiri ya asilimia 25, na wanawake waliathirika kuliko wanaume. Shirika hilo lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya dunia imekwisha. Sonona ya mzazi haikusikiliza tangazo hilo. Isipotibiwa huweza kudumu mwaka na zaidi, na kurudi katika uzazi unaofuata. Na mtoto wa mama mwenye sonona huwa katika hatari zaidi ya kunyonya vibaya na kudumaa. Watoto waliozaliwa Aprili 2020 sasa wamefikia umri wa shule. Mama zao wanapokuja kliniki na mimba nyingine, swali la uzazi uliopita ulikuwaje lina thamani sawa na swali la shinikizo la damu.

JINA LA UGONJWA

Kikwazo kimoja kikubwa ni jina. Nchini Uganda, Waganda wanao ugonjwa wanaouita amakiro, ambao humpata mwanamke mjamzito au aliyejifungua, ukamfanya apoteze akili na atake kumdhuru mtoto. Na kwa imani ya zamani chanzo chake ni uzinzi wakati wa mimba. Katika miaka ya 1970 daktari wa akili kutoka Uingereza, John Cox, alipofanya kazi huko aliwachunguza wanawake wa vijijini waliojifungua, na baadaye akawalinganisha na wanawake wa Scotland. Alikuta kwamba sonona ya uzazi iliwapata pande zote mbili kwa kiasi kinachokaribiana, kinyume cha waliodai kwamba wanawake wa Kiafrika hawaujui ugonjwa huo. Tofauti ilikuwa katika maneno ya wagonjwa: wanawake wa Uganda hawakujilaumu sana kama wale wa Scotland. Mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa orodha ya maswali 10, inayojulikana kwa jina la mji wa Edinburgh, ambayo hadi leo inatumika duniani kuwatambua wazazi wenye sonona. Sehemu ya mizizi ya orodha hiyo, basi, iko katika Afrika Mashariki.

Pwani na kusini ya Tanzania hakuna ajabu kusikia kwamba mzazi amepandwa na pepo, ametupiwa jini, au mumewe amevunja mwiko. Mtumishi wa afya anayecheka akisikia hivyo humpoteza mgonjwa, kwani familia haitarudi. Ni bora kusikiliza, kisha kueleza kwamba dua ina nafasi yake na matibabu yana nafasi yake, wala kimoja hakimzuii mwenziwe. Kisa cha Bibi Maryamu, kama kinavyosimuliwa katika sura yenye jina lake, kinafahamika kwa waumini: uchungu wa uzazi ulimfikisha shinani mwa mtende, akiwa peke yake, akitamani angekuwa amekwisha kusahauliwa kabla ya saa ile, na alichopewa hapo kilikuwa maji, tende mbivu na maneno ya kumtuliza. Hakukaripiwa. Mashekhe, mapadri na waganga wa jadi ni miongoni mwa watu wa kwanza kufuatwa, na wakizitambua dalili wanaweza kumfikisha mzazi zahanati siku hiyo hiyo badala ya baada ya miezi mitatu.

MASWALI MAWILI, NA WATU WA KUYAULIZA

Kwa mujibu wa utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022, watoto 81 kati ya kila 100 nchini Tanzania huzaliwa katika vituo vya kutolea huduma za afya. Baada ya hapo mama hutakiwa arudi ndani ya siku 42 za mwanzo, na mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9. Hakuna mgonjwa wa sonona ambaye ni rahisi kumpata kuliko mzazi. Anakuja mwenyewe, kwa tarehe, akiwa na kadi mkononi.

Kinachotakiwa ni aulizwe. Katika nchi nyingi huanza maswali mawili mafupi: je, katika wiki mbili zilizopita umekuwa mara kwa mara na huzuni au kukata tamaa? Je, umekosa hamu au furaha katika mambo uliyokuwa ukiyafurahia? Akijibu ndiyo kwa mojawapo, hufuata maswali mengine. Yaulizwe faraghani, si mbele ya mama mkwe wala mbele ya foleni. Na lipo swali ambalo wengi huliogopa, kama amepata kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Kuliuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani; aliyekuwa nalo mara nyingi hushusha pumzi kwa kupata wa kumwambia.

Matibabu ya sonona ya kiasi hayadai daktari bingwa. Nchini Pakistan, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wahudumu wa kawaida wa afya ya jamii walifundishwa kuzungumza na wajawazito na wazazi wenye sonona kwa utaratibu maalumu, nyumbani kwao. Mtoto alipofikia miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, na miongoni mwa wale waliotembelewa bila ya mazungumzo hayo walikuwa asilimia 53. Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wazima kukaa na wagonjwa katika benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuyatatua matatizo yao moja baada ya jingine. Njia hiyo imevuka mipaka na kufika hadi Zanzibar. Newala nako si mahali pageni kwa kazi kama hiyo. Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake waliendesha mikoani Lindi na Mtwara, Newala ikiwamo, mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga, ambao wanawake wa kujitolea waliwatembelea wajawazito na wazazi vijijini mwao. Mlango ulikwisha kufunguliwa kwa ajili ya mtoto. Mwenye kuingia anaweza pia kumwuliza mama. Wale ambao mazungumzo hayawatoshi hupewa dawa, na zipo dawa za sonona ambazo mama anayenyonyesha anaweza kuzitumia chini ya uangalizi wa daktari bila ya kumwachisha mtoto ziwa.

Kwa watumishi wa Serikali lipo jambo moja la kuzingatiwa. Likizo ya uzazi kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Bara, ni siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ya Visiwani haipishani nayo sana. Sonona inaweza kuanza au kuzidi likizo ikiwa inakwisha. Mkuu wa kazi anayemwona mtumishi hodari akichelewa, akisahau na akijitenga miezi mitano baada ya kujifungua, asikimbilie kumwandikia barua ya kujieleza kabla ya kumwita faraghani na kumwuliza hali yake. Maofisa wanaopanga vituo vya kazi nao wanajua, au inafaa wajue, gharama ya kumweka mzazi mbali na kila jamaa yake.

Mume hana cheo kidogo katika shughuli hii. Madumu ya maji yaletwe na yeye, kwa baiskeli au kwa kichwa chake. Ampokee mtoto akishanyonya usiku, mke alale. Wageni wenye maneno makali awazuie mlangoni kwa adabu. Siku ya kliniki aende naye, na akiona dalili zilizoelezwa hapo juu zimepita wiki mbili, aseme yeye mbele ya muuguzi iwapo mkewe hawezi kusema.

Katika Masasi huduma hutolewa kuanzia zahanati hadi hospitali za Mkomaindo na Ndanda. Newala ina hospitali yake. Na rufaa huenda Mtwara mjini. Unguja, kwa miaka mingi, hospitali ya wagonjwa wa akili imekuwa ile ya Kidongo Chekundu, lakini mzazi aanzie kituo cha afya kilicho karibu naye. Mzazi ambaye hajalala siku mbili mfululizo, anayeweweseka, anayesikia sauti, au aliyetamka kwamba atajidhuru au atamdhuru mtoto, asisubiri siku ya kliniki wala asubuhi. Asiachwe peke yake hata dakika moja, asifungwe kamba wala kupigwa, na apelekwe hospitali usiku huo huo pamoja na mwanawe, kadi ya kliniki, na mtu mzima wa pili wa kumshika mtoto njiani.